Bendera ya Ujerumani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayesoma historia ya Tanganyika chini ya Wajerumani hukutana na bendera ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, ilhali ile inayopepea leo kwenye balozi za nchi hiyo ni nyeusi, nyekundu na dhahabu. Tofauti hiyo ya rangi moja ndiyo kiini cha historia yote ya bendera ya Ujerumani, kwa kuwa kwa miongo mingi Wajerumani walikuwa na bendera mbili zilizoshindana, moja ya wale waliotaka bunge na katiba, nyingine ya wale waliotaka kiti cha enzi. Majibu yafuatayo yanaufuata ushindani huo tangu mwanzo wake.

Bendera ya sasa ikoje, na inatajwa katika sheria gani?

Ina milia mitatu ya ulalo yenye upana sawa: nyeusi juu, nyekundu katikati na dhahabu chini. Kipimo chake ni tatu kwa tano, yaani kimo sehemu tatu na urefu sehemu tano. Katiba ya nchi, iliyotangazwa tarehe 23 Mei 1949 na kuitwa Sheria ya Msingi, inaitaja katika kifungu cha 22 kwa sentensi moja fupi isiyo na maelezo yoyote. Vipimo na matumizi viliachwa vipangwe kwa agizo la serikali, ambalo lilitolewa mwezi Juni 1950 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1996.

Rangi hizi tatu zilianzia wapi?

Jibu linalokubaliwa na wanahistoria wengi linaanzia kwenye sare za askari wa kujitolea. Mwaka 1813, wakati Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kaskazini, ilipoinuka dhidi ya Napoleon, Meja Adolf von Lützow aliunda kikosi cha watu waliotoka pembe mbalimbali za nchi za Kijerumani, wengi wao wakiwa wanafunzi na mafundi. Hawakuwa raia wa mfalme mmoja, na hazina haikuwa na fedha za kuwashonea sare. Kila mmoja alikuja na nguo zake, na nguo za rangi mchanganyiko zinaweza kulinganishwa kwa njia moja tu ya bei nafuu, nayo ni kuzitumbukiza zote katika rangi nyeusi. Juu ya weusi huo ziliongezwa kola na pindo nyekundu, pamoja na vifungo vya shaba vilivyong'aa kama dhahabu.

Vita vilipokwisha, baadhi ya askari hao walirudi vyuoni. Tarehe 12 Juni 1815 wanafunzi wa Jena walianzisha chama kilichokusudia kuwaunganisha wanafunzi wote wa Kijerumani bila kujali nchi ndogo walizotoka, na waliokuwa katika kikosi cha Lützow walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Mwaka uliofuata wanawake wa mji wa Jena waliwashonea bendera. Haikuwa na milia tuliyoizoea: ilikuwa na ukanda mweusi kati ya kanda mbili nyekundu, na juu yake tawi la mwaloni lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Bendera hiyo ilibebwa kwenye mkutano wa wanafunzi katika ngome ya Wartburg, tarehe 18 Oktoba 1817, na kutoka hapo rangi zake zikaenea katika vyuo vingine.

Lakini si kweli kwamba zilitoka kwenye bendera ya kale ya Dola Takatifu ya Kirumi?

Dai hilo ni la zamani na lina sababu zake. Makaisari wa dola hiyo, iliyovunjwa mwaka 1806, walitumia bendera ya dhahabu yenye tai mweusi, na katika michoro mingi makucha na mdomo wa tai huyo vilipakwa rangi nyekundu. Wazalendo wa karne ya 19 walipenda kusema kwamba wanafufua rangi za mababu, na hata azimio rasmi la mwaka 1848 liliandikwa kwa hoja hiyo. Inaelekea, hata hivyo, kwamba asili hiyo ya kale ilitafutwa baada ya rangi kukubalika tayari. Vazi la askari lilitangulia, na hadithi ya tai ikafuata.

Ilikuwaje rangi za wanafunzi zikawa rangi za taifa?

Kwa kupigwa marufuku, kwanza kabisa. Mwaka 1819 watawala wa Shirikisho la Ujerumani, wakiongozwa na Austria na waziri wake Metternich, walivifunga vyama vya wanafunzi, na tangu hapo kuvaa utepe wa rangi tatu kukawa tendo la kisiasa hata kwa mtu ambaye hakukusudia siasa.

Mwezi Mei 1832 watu kati ya 20,000 na 30,000 walipanda hadi kwenye magofu ya ngome ya Hambach, katika eneo la Pfalz lililokuwa chini ya Bavaria, kudai uhuru wa magazeti, umoja wa Ujerumani na haki za raia. Walikuwepo wakulima wa mizabibu waliolemewa na kodi, wanawake walioalikwa waziwazi, na wakimbizi kutoka Poland ambao uasi wao dhidi ya Urusi ulikuwa umetoka kuzimwa. Bendera iliyobebwa na mfanyabiashara Johann Philipp Abresch ilikuwa ya milia mitatu na maneno yaliyotangaza kuzaliwa upya kwa Ujerumani, nayo imehifadhiwa hadi leo. Watawala walijibu mwezi Julai mwaka huohuo kwa kuzikataza rangi hizo kabisa.

Kisha ukaja mwaka 1848, na mambo yakageuka kwa kasi ambayo haikutarajiwa na mtu. Tarehe 9 Machi baraza lilelile la Shirikisho lililokuwa limezikataza rangi likazitangaza kuwa zake, likitumaini kutuliza ghasia. Mapigano yalizuka mitaani Berlin, na tarehe 21 Machi Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia alipita mjini juu ya farasi akiwa na kitambaa cha nyeusi, nyekundu na dhahabu mkononi, siku chache tu baada ya askari wake kuwafyatulia risasi watu waliokuwa nyuma ya vizuizi chini ya rangi hizohizo. Bunge la taifa lililokaa Frankfurt likapitisha sheria ya bendera ya meli za kivita na za biashara mwezi Novemba.

Bendera hiyo ilipigana vita vya baharini mara moja tu, tarehe 4 Juni 1849, karibu na kisiwa cha Heligoland, dhidi ya meli ya Denmark. Uingereza, iliyokuwa ikikimiliki kisiwa hicho wakati huo, haikuitambua. Msomaji wa pwani yetu atakikumbuka kisiwa hicho kwa jambo jingine: mwaka 1890 Uingereza ilikikabidhi kwa Ujerumani katika mkataba uleule ambao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Kwa upande wa bunge la Frankfurt, mapinduzi yalishindwa, na meli zake zikauzwa kwa mnada katika miaka ya 1852 na 1853.

Basi nyeupe iliingiaje mahali pa dhahabu?

Iliingia kwa ushindi wa Prussia. Katika vita vya 1866 kati ya Prussia na Austria, vikosi vya majimbo ya kusini yaliyosimama upande wa Austria vilivaa vitambaa vya nyeusi, nyekundu na dhahabu mkononi, na vikashindwa. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, hakuwa na sababu ya kuchukua rangi za aliowashinda, wala za wanamapinduzi wa 1848 ambao hakuwapenda. Katiba ya Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini ya mwaka 1867 iliweka nyeusi, nyeupe na nyekundu katika kifungu cha 55. Nyeusi na nyeupe zilikuwa za Prussia, na nyeupe na nyekundu zilikuwa za miji ya biashara ya baharini, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck.

Mtu asidhani kwamba huo ulikuwa uamuzi wenye shamrashamra nyingi. Kifungu chenyewe kilihusu meli, na kwa muda mrefu bendera hiyo ilikuwa ya baharini zaidi kuliko ya nchi kavu, kwa sababu kila jimbo liliendelea kupeperusha yake. Dola ya Kaisari iliyoundwa mwaka 1871 iliirithi, na ni mwaka 1892 tu ilipotangazwa rasmi kuwa bendera ya taifa.

Ni bendera gani hasa iliyopandishwa Afrika Mashariki?

Zilikuwa mbili, moja baada ya nyingine, na ya kwanza haikuwa ya taifa bali ya kampuni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotokana na mikataba ya ulaghai ambayo Carl Peters aliwatilisha sahihi machifu wa bara mwaka 1884, ilikuwa na bendera yake nyeupe yenye msalaba mweusi, na katika pembe ya juu karibu na mlingoti eneo jekundu lenye nyota tano nyeupe za kundi la Msalaba wa Kusini. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodishia kampuni hiyo usimamizi wa pwani, na mwezi Agosti maofisa wake wakaanza kuipandisha bendera hiyo katika miji ya mrima.

Kilichotokea Pangani kinaonyesha jinsi kitambaa kinavyoweza kuwasha moto. Liwali wa mji, aliyekuwa mtu wa Sultani, alikataa kutii amri za wageni bila kupata neno kutoka Zanzibar. Ofisa wa kampuni, Emil von Zelewski, akaleta askari wa manowari, na mlingoti wa bendera nyekundu ya Sultani ukakatwa. Kwa watu wa Pangani jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: kwamba wageni hawakuja kukusanya ushuru kwa niaba ya Sultani, kama mkataba ulivyodai, bali walikuja kutawala. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vilienea pwani nzima, na kampuni haikuweza kuvizima hadi serikali ya Berlin ilipotuma jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Zelewski mwenyewe aliuawa Lugalo mwezi Agosti 1891, kikosi chake kilipoangamizwa na Wahehe wa Mkwawa.

Tangu tarehe 1 Januari 1891 koloni lilikuwa la serikali, na bendera ikawa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ofisi za utawala zilitumia ile yenye tai wa dola katikati. Ndiyo waliyoiona watu wa Songea na Kilwa wakati wa vita vya Maji Maji, na ndiyo waliyopigania askari wa Paul von Lettow-Vorbeck hadi walipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka 1914 waziri wa makoloni, Wilhelm Solf, alikuwa ameandaa michoro ya bendera maalumu kwa kila koloni, na ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha simba. Vita vilianza kabla haijapandishwa popote.

Kwa hiyo bendera ya nyeusi, nyekundu na dhahabu haikuwahi kuwa bendera ya utawala wa Kijerumani katika ardhi ya Tanganyika. Ilirudishwa Ujerumani baada ya koloni kupotea.

Kwa nini Jamhuri ya Weimar ilikuwa na bendera mbili?

Kwa sababu haikuthubutu kuchagua moja. Kaisari alipokimbilia Uholanzi mwaka 1918 na Ujerumani ikawa jamhuri, wajumbe wa bunge la katiba waligawanyika. Wasoshalisti, baadhi ya wanademokrasia na wengi wa chama cha Kikatoliki walitaka rangi za 1848, lakini vyama vya kulia na wenye meli walisema dunia nzima inaijua bendera ya zamani baharini. Tarehe 3 Julai 1919, kwa kura 211 dhidi ya 90, likapita suluhisho la katikati: rangi za nchi ziwe nyeusi, nyekundu na dhahabu, na meli za biashara zibaki na nyeusi, nyeupe na nyekundu, zikiwa na rangi mpya katika pembe ndogo ya juu.

Suluhisho hilo lilizaa ugomvi wa miaka 14. Wapinzani wa jamhuri waliidhihaki dhahabu kwa kuiita haradali, na maneno mengine waliyoiita hayafai kuandikwa hapa. Watetezi wake walianzisha mjini Magdeburg, mwezi Februari 1924, jumuiya kubwa iliyobeba rangi tatu katika jina lake, ikijaza barabara kwa maandamano ya watu waliokuwa wamepigana Vita vya Kwanza vya Dunia na ambao hawakukubali kuitwa wasaliti. Mwezi Mei 1926 Kansela Hans Luther alitoa agizo kwamba balozi zilizo nje ya Ulaya, na zile za bandari za Ulaya, zipeperushe pia bendera ya biashara kando ya ile ya taifa. Juma moja baadaye bunge lilipiga kura dhidi yake na serikali yake ikaanguka. Ni serikali chache duniani zilizowahi kuondolewa na suala la bendera ya ubalozi.

Bendera ya swastika ya Wanazi ilikuwa ya taifa tangu lini?

Peke yake, tangu tarehe 15 Septemba 1935. Kabla ya hapo, kwa amri ya Rais Hindenburg ya mwezi Machi 1933, ilipandishwa pamoja na ile ya Kaisari. Tukio moja la bandarini liliharakisha mabadiliko: mwezi Julai 1935, mjini New York, waandamanaji walipanda kwenye meli ya abiria iitwayo Bremen, wakang'oa bendera ya swastika na kuitupa mtoni. Ujerumani ilipolalamika, Marekani ilijibu kwamba bendera iliyoguswa ni ya chama, si ya taifa. Miezi miwili baadaye hapakuwa na tofauti tena. Sheria hiyo ya bendera ilipitishwa Nuremberg siku moja na sheria zilizowanyang'anya Wayahudi uraia kamili, na mojawapo ya sheria hizo iliwakataza Wayahudi kupandisha bendera ya taifa.

Baada ya 1945 walitumia bendera gani?

Kwa miaka minne hapakuwa na bendera ya Ujerumani, kwa kuwa hapakuwa na dola ya Ujerumani. Meli ndizo zilizohitaji alama, na mwaka 1946 mataifa yaliyoshinda yaliagiza zipeperushe bendera ya ishara ya herufi C, iliyokatwa pembetatu ukingoni.

Baraza lililoandika katiba mjini Bonn lilikuwa na pendekezo moja la kuvutia. Josef Wirmer, mwanasheria aliyenyongwa na Wanazi mwezi Septemba 1944 kwa kushiriki njama ya kumpindua Hitler, alikuwa amebuni bendera nyekundu yenye msalaba mweusi uliozungushiwa dhahabu, na ndugu yake aliileta mbele ya baraza. Chama cha Kikristo kiliunga mkono mchoro wa aina hiyo. Mwishowe ilishinda milia mitatu, iliyopitishwa karibu bila upinzani, kwa hoja kwamba ndizo rangi ambazo hakuna dikteta aliyewahi kuzitumia.

Je, Ujerumani Mashariki na Magharibi zilikuwa na bendera moja?

Kwa miaka kumi ya mwanzo, ndiyo, kila upande ukidai kwamba ndio mrithi halali wa 1848. Tarehe 1 Oktoba 1959 Ujerumani Mashariki iliongeza nembo yake katikati: nyundo ya wafanyakazi, bikari ya wasomi na masuke ya wakulima. Upande wa Magharibi uliiona nyongeza hiyo kuwa uchochezi, na kwa karibu miaka kumi polisi waliiondoa popote ilipoonekana hadharani. Katika Olimpiki za 1960 na 1964 wanamichezo wa pande zote mbili walitembea pamoja chini ya milia mitatu yenye pete tano nyeupe juu ya mlia mwekundu. Mwishoni mwa 1989, waandamanaji wa Mashariki walizikata nembo kwa mkasi na kupeperusha bendera zenye tundu katikati. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990 bendera ya umoja, yenye eneo la mita za mraba 60, ilipandishwa mbele ya Reichstag, jengo la bunge mjini Berlin, na bado ipo.

Mgawanyiko huo uliigusa Tanzania?

Uliigusa kwa uzito. Mara baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki na kuiruhusu ifungue ubalozi. Muungano wa Aprili ulipokuja, Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, ilishikilia msimamo wake kwamba nchi yenye uhusiano kamili na yeye haiwezi kuwa na ubalozi wa Ujerumani nyingine. Mwalimu Nyerere alikubali ofisi ya ngazi ya konseli tu. Hata hivyo, mapema mwaka 1965 Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akaiambia ichukue na misaada yake iliyobaki. Majengo ya ghorofa ya Kikwajuni na Michenzani ni kumbukumbu ya miaka ambayo bendera yenye nyundo na bikari ilikuwa ya rafiki mkubwa wa Unguja.

Rangi zina maana gani?

Sheria haizipi maana yoyote. Simulizi maarufu ya zama za vita dhidi ya Napoleon husema taifa linatoka katika weusi wa utumwa, kupitia damu nyekundu ya mapambano, kuelekea mwanga wa dhahabu wa uhuru. Ni simulizi nzuri, na ni simulizi tu.

Bendera ya Ubelgiji ina rangi hizohizo. Kuna undugu?

Hakuna. Rangi za Ubelgiji zinatokana na nembo ya Brabant, simba wa dhahabu mwenye ulimi na makucha mekundu kwenye ngao nyeusi, na milia yake ni ya wima.

Mtu binafsi anaruhusiwa kuipandisha?

Anaruhusiwa, hata mgeni. Kilichohifadhiwa ni ile yenye ngao ya tai, ambayo ni ya mamlaka za serikali kuu pekee, na anayeitumia bila haki anaweza kutozwa faini. Kuikashifu bendera ya taifa hadharani ni kosa la jinai linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka mitatu, ingawa mahakama ya katiba imekuwa ikiulinda uhuru wa maoni kwa upana mkubwa. Wajerumani wengi walisitasita kuitundika majumbani hadi Kombe la Dunia la mwaka 2006 lililochezwa kwao, ambapo ilionekana kwenye magari na madirisha kwa wingi ambao wenyewe waliushangaa.

Na bendera ya Kaisari, imepigwa marufuku?

Ya swastika imekatazwa isipokuwa kwa elimu, sanaa na utafiti. Ya nyeusi, nyeupe na nyekundu haijakatazwa na sheria ya nchi nzima, na kwa sababu hiyo hasa watu wa mrengo wa kulia uliokithiri huibeba badala ya ile nyingine. Tarehe 29 Agosti 2020 kundi la waandamanaji lilivuka vizuizi na kupanda ngazi za Reichstag likiwa na bendera hizo mikononi, na baada ya hapo majimbo kadhaa, Bremen ikiwa miongoni mwa ya kwanza, yakawapa polisi uwezo wa kuzizuia bendera za vita za Kaisari zikitumiwa hadharani kwa kutisha watu.